Breki Nilizomficha Mke Wangu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: nimeharibu gari la baba mkwe wangu. Habari yenyewe ni hiyo, mengine ni maelezo.

Mzee ana gari la spoti la milango miwili, jekundu, lililoizidi ndoa yangu umri. Alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa macho aliniachia nilitunze kwa miezi minne kwa sharti moja tu, nisibadilishe kitu. Nikalitunza vizuri mpaka Jumapili ile tulipoteremka nalo mlima wa nyumbani kwetu mimi na mke wangu. Katikati ya mlima breki zikatoa moshi, pedeli ikazama mpaka chini, tukaja kusimamishwa na lundo la mchanga la mtu anayejenga.

Hatukuumia. Mke wangu alishuka, akakung'uta mchanga magotini, akasema hatatia tena mguu wake ndani ya gari lile maisha yake yote. Kisha akaupanda mlima kwa miguu, viatu mkononi.

Msomaji mmoja ameniandikia kuuliza kwa nini sikumpigia mzee simu siku ileile nikamweleza. Ndugu msomaji, wewe humjui baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa mwalimu wa udereva na ndiye aliyekuwa akisimamia mtihani. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake. Mimi nilipita mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo alinifelisha. Wakati huo nilikuwa namchumbia binti yake na nilidhani jambo hilo lingenisaidia. Kwenye karatasi zote mbili aliandika maneno yaleyale: "Mguu wake unaishi juu ya breki."

Miaka kumi na sita imepita, na maneno hayo bado ananikumbusha mbele za watu. Amenikumbusha mezani, amenikumbusha arusini, amenikumbusha hata kwenye msiba wa shangazi, jeneza likiwa bado ndani. Sasa mimi nimpigie simu nimwambie kwamba nimeunguza breki zake nikiteremka mlima? Afadhali ning'olewe meno yote, na mimi kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia.

Basi Jumanne nikalivuta gari mpaka gereji.

Fundi wetu tunamwita Polepole, kwa kuwa hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, ila akishaimaliza hairudi. Alifungua magurudumu ya mbele, akapitisha kidole kwenye diski ya breki, akaninyooshea nione. Chuma kilikuwa kimeungua mpaka kimepiga rangi ya buluu.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi."

"Ulikuwa gia ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mlima wote?"

Nikajifanya naangalia kalenda ukutani.

Polepole akaenda stoo, akarudi na maboksi mawili, akayaweka mezani juu ya gazeti. Huenda lilikuwa hili hili.

"Hizi ni za kiwandani," akasema. "Diski ukubwa uleule, pedi za breki zilezile. Nikifunga hizi na kumwaga mafuta ya breki yote nikaweka mapya, gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Hizi za pili ni za kuongeza nguvu. Diski kubwa, kalipa, kile chuma kinachobana pedi, ina pistoni nne badala ya moja. Wanafunga wale wanaokwenda kushindana uwanjani."

"Zipi nzuri?"

"Nzuri kwa nani?"

"Fundi, nimeuliza swali jepesi."

"Na mimi nimeuliza jepesi zaidi. Anayeshindana anakanyaga breki kona hadi kona, joto halishuki, kwa hiyo anahitaji hizi kubwa. Gari hili linakwenda mjini na kurudi. Za kiwandani zinalitosha na kubaki."

"Zinalitosha vipi na zimenitupa mchangani?"

Akafuta mikono kwa tambara taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilimwona anatafuta njia ya kunistahi, akaikosa.

"Kwanza mafuta ya breki yalikuwa ya zamani sana. Pili, umeshuka mlima na gia ya nne badala ya ndogo ya kulizuia gari, mguu juu ya breki kutoka juu mpaka chini. Kaka, hata ningekufungia breki za treni, zingetoa moshi."

Nilihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na sita, na sasa hata gereji wananiambia habari za mguu wangu.

Hapa niseme ukweli ambao wakati ule sikumwambia mtu. Siku ile sikuwa nachagua breki. Nilikuwa natafuta wa kubeba lawama. Nikifunga za kiwandani, nimekiri kwamba breki zilikuwa sawasawa na ubaya ulikuwa wangu. Nikifunga zile kubwa, basi za zamani zilikuwa dhaifu, na mtu yeyote mwenye busara angezibadilisha. Nilitaka sana mguu wangu uachiwe huru.

"Nitakupigia," nikamwambia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu kazini. Anashona mapazia, na meza yetu ya kulia chakula haijawahi kuwa ya kulia chakula. Alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, pini mdomoni, anakata kitambaa cha hoteli. Nikamweleza habari za yale maboksi mawili. Akatoa pini moja moja.

"Weka za kiwandani."

"Lakini zile kubwa..."

"Mguu wa Baba umelizoea gari lile. Akikanyaga anajua litasimama wapi. Amekaa na kitambaa machoni miezi minne, kitu anachokizungumza ni Jumamosi tu, atakapolipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Usimbadilishie."

"Sawa."

"Sawa ya kweli au sawa yako?"

"Ya kweli," nikasema.

Kesho yake asubuhi nikiwa kazini, vidole vimejaa plasta, kalibu ya meno ya watu inakauka mbele yangu, nikampigia Polepole.

"Funga kubwa."

"Mkeo amesemaje?"

"Amesema sawa."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Niliutoa bila hata kukohoa.

Alhamisi mchana Polepole akapiga yeye. Zile kubwa zimegoma. Kalipa inagusa rimu. Ili zikae lazima rimu zibadilishwe, ziwekwe pana zaidi.

Nikaacha kazi nikaenda. Nikamkuta amesimama na gurudumu mkononi ananionyesha mkwaruzo mpya kwenye rimu, kama wa kucha. Nilitamani kulia. Rimu za gari lile mzee huzisugua mwenyewe kwa mswaki. Angejua zimebadilishwa akiwa bado yuko barabara kuu.

"Basi," nikasema, "rudisha za kiwandani."

Wasomaji wangu, hapo nilikuwa nimeokoka. Ningeondoka dakika ile, leo nisingekuwa na cha kuandika. Ila nikaliona boksi dogo pembeni ya meza.

"Na hizi ni nini?"

"Pedi za mashindano."

"Zinaingia kwenye breki za kiwandani?"

"Umbo ni moja. Zinaingia."

"Mtu akiangalia kwa nje atajua?"

"Hajui mpaka afungue. Lakini sikushauri."

"Kwa nini?"

"Hizi zikiwa za baridi hazishiki. Zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto. Gari likilala mpaka asubuhi, ile mara ya kwanza kukanyaga ni kama umekanyaga sabuni. Lazima uende tambarare kwanza, ukanyage mara saba, mara nane, zipate moto. Hapo hakuna breki duniani inayoshika kama hizi. Lakini kabla ya hapo usizitegemee."

"Kwangu ukitoka getini ni mlima."

"Ndiyo maana nakwambia usifunge."

Mtu mzima alikuwa ananisihi. Nami nikaanza kumpangia hoja kama wakili. Gari litatumika Jumamosi tu, nikamwambia. Asubuhi na mapema nitaliteremsha mimi mwenyewe taratibu kwa gia ya kwanza, nizipashe moto bondeni, nilirudishe juu zikiwa tayari, nimkabidhi mzee ufunguo. Akishalichukua anakwenda nalo kwake, na kwake ni tambarare tupu.

"Mwambie mwenye gari," Polepole akasema.

"Nitamwambia."

"Na mkeo mwambie."

"Mke wangu ameapa hatalipanda tena. Huyo hana shida."

Akafunga. Alifunga kwa kunyamaza, na ukimjua Polepole unajua hiyo ndiyo namna yake ya kutukana.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikwenda naye barabara ya uwanja wa ndege kuzizoeza pedi. Alinielekeza: endesha kasi, kanyaga, achia kabla hujasimama, endesha tena. Mara ya kumi mkanda ukanibana kifua mpaka nikaguna. Gari lilisimama kama limeshikwa kwa nyuma. Nikacheka peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Si mguu. Mmeona? Si mguu."

Polepole alikuwa anaangalia dirishani.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu za kiwandani zimefungwa. Akasema asante. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu niliusikia ukishuka kooni.

Ijumaa mchana simu ikalia nikiwa nalainisha ufizi wa bandia. Mke wangu.

"Baba amefika."

"Jumamosi ndiyo siku yake."

"Kasema ameshindwa kungoja. Yuko uani, yuko na gari."

Nilifika nyumbani nikiwa na aproni ya kazini. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, tochi mkononi mchana kweupe, anachungulia katikati ya rimu kwa macho yake mapya. Mke wangu amesimama nyuma yake.

"Diski mpya," mzee akasema bila kugeuka.

Nikaanza kuvua aproni.

"Za kiwandani, Baba," mke wangu akanijibia. "Za zamani zilikuwa zimekwisha, akaona akuwekee zilezile."

Mzee akainuka, mkono mmoja juu ya boneti. Akanijia. Nikajiandaa kwa karipio.

"Nilisema usibadilishe kitu," akasema. "Lakini breki ni breki, huwezi kuzingojea. Na umeweka za asili. Mwingine angenijazia mambo makubwa makubwa ya vijana." Akanishika mkono, hakuuachia haraka. "Umefanya kiungwana, mwanangu."

Hajawahi kuniita mwanangu. Miaka kumi na sita huwa ananiita "huyu bwana".

Mezani, maana siku hiyo mapazia yaliondolewa tukala kama watu, aliweka kijiko chini, akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Nimekusema sana habari ya mguu wako," akasema. "Sitakusema tena."

Sijui niwaeleze vipi. Kitu nilichokitaka tangu nikiwa kijana nilikuwa nakabidhiwa juu ya meza ile, na sikuwa na haki nacho. Nikainamia sahani. Mke wangu akadhani nimeguswa, akaniwekea mkono begani.

Baadaye tukaosha vyombo, yeye anaosha, mimi nafuta.

"Nilikukasirikia sana," akasema. "Siyo kwa sababu ya mchanga. Ni kwa sababu hujawahi kunisikiliza kitu mpaka mwisho. Safari hii umenisikiliza."

Bomba lilikuwa linatiririka. Yeye amenipa mgongo, hanitazami, hakuna mtu jikoni ila sisi. Kama kuna mahali mtu anaweza kusema ukweli bila kufa kwa aibu, ni pale. Nikafuta sahani ileile mara mbili.

"Nimemwambia Baba nitalipanda tena," akaendelea.

"Kesho? Na yeye?"

"Kesho."

Nikajiambia hakuna neno. Watapanda pamoja, na kabla hawajapanda nitakuwa nimeshazipasha moto pedi bondeni na kurudi. Mpango ni uleule. Nikapanga sahani kabatini nikaenda kulala, na nilichokifanya kitandani siwezi kukiita kulala.

Jumamosi niliamka jua likichomoza. Mke wangu alikuwa ameshatoka chumbani. Redio yake ilikuwa inasikika chumba cha kushonea, nikajua ana kiporo cha mapazia ya hoteli. Nikaenda ukumbini moja kwa moja kwenye msumari wa ufunguo. Msumari mtupu.

Mzee alikuwa barazani na kikombe cha chai, shati limenyooka, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

"Baba, naomba niliteremshe gari mara moja, nilipashe moto."

"Ulipashe moto wewe kwa nini? Litapata moto likitembea."

Nikamtazama usoni. Yale macho yalikuwa safi kabisa, yananitazama bila ukungu wowote, na mtu huyu baada ya kikombe kile cha chai angeteremka mlima ule akiniamini. Nikaona hapana. Nikakaa, nikaanza kusema, na nikishaanza huwa sina breki.

Nikamweleza yote. Gia ya nne, moshi, mchanga, diski zilizopiga buluu, Polepole na maboksi yake, rimu iliyogoma, boksi dogo. Hakunikatiza hata mara moja. Chai ilipoa mkononi mwake.

"Pedi za mashindano," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo, Baba."

"Na ni za baridi sasa hivi."

"Ndiyo."

"Hukufanya hivi kwa ajili ya breki."

"Hapana. Kwa ajili ya mguu."

Akauangalia mguu wangu wa kulia, uliokuwa kwenye ndala. Nilingoja acheke, au anifukuze, lolote kati ya hayo ningelipokea. Akashusha pumzi.

"Mimi nisingefika popote," akasema. "Nakanyaga breki kabla gari halijatembea hatua tatu. Miaka yote nafanya hivyo. Mguu ungeniambia hapo hapo uani kwamba hizi si zangu. Ningeshuka nikuite kwa jina baya, basi, mchezo umekwisha."

Nilikuwa nimetetemeka wiki nzima kwa jambo ambalo mzee huyu angelimaliza kwa hatua tatu. Nilitaka kumbusu mkono. Hata jina baya nilikuwa tayari kulisikia.

"Mkeo amesemaje ulipomwambia?" akauliza.

"Sijamwambia."

"Hujamwambia nini?"

"Hili la pedi. Anajua ni za kiwandani."

Kikombe kikaanguka. Hakikumponyoka, alikiachia tu, akiwa tayari anainuka.

"Ufunguo nimempa yeye," akasema. "Alikuja kuuomba sasa hivi. Ameniambia tangu breki za zamani zilipokwisha anauota mlima huu, anataka aushuke mwenyewe, peke yake, woga umtoke. Nikamwambia nenda, mumeo ameweka za kiwandani."

Injini ikanguruma uani.

Nilikimbia. Ndala moja ilibaki barazani, nyingine kwenye ngazi. Nilipozunguka kona ya nyumba, gari lilikuwa linapita getini, jekundu, limesuguliwa linang'aa. Nikapiga kelele jina lake. Vioo vilikuwa vimepandishwa. Aliniona kwenye kioo cha pembeni, nadhani alidhani nimekuja kumshangilia, kwa sababu alitabasamu, akaninyooshea dole gumba.

Kisha gari likainamisha pua, likaanza kushuka.

Nikafika getini peku. Lilikuwa limeshashika kasi, bado hatua mia hivi kufika kona ya kwanza. Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Amekanyaga. Nikangoja gari lipungue mwendo. Taa ziliendelea kuwaka, na gari likaendelea kushuka vilevile.

Baba mkwe alikuwa amenifikia, anahema, mkono wake umeshika nguzo ya geti. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mwalimu aliyekaa kiti cha pembeni, kana kwamba binti yake yumo ubavuni mwake na anamsikia.

"Rudisha gia ndogo, mama. Achana na breki. Rudisha gia."

Kona ikalimeza gari, taa bado zinawaka, tukabaki tunasikiliza.